Injini ya boti kugoma kuwaka (ufuko wa Ruvuma, Ziwa Nyasa)

Injini ya kupachika inapogoma kuwaka mchangani Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, mvuvi hupoteza usiku mmoja wa dagaa. Ikigoma akiwa mbali na nchi kavu, anachopoteza ni uwezo wa kuchagua aelekee wapi. Ziwa Nyasa hufikia kina cha takriban mita 700, na penye ufuko wa miamba kamba ya nanga huisha kabla nanga haijagusa chini. Boti hufuata upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo huo ni mwera, unaotoka kusini na kuvuma siku kadhaa mfululizo, ukiwa umekwishapita juu ya mamia ya kilomita za maji bila kizuizi.

Ufuko huu ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi 2012, ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa yenye makao makuu Mbamba Bay. Kabla ya injini ndogo, ulihudumiwa na meli za mvuke, mojawapo ikiwa Chauncy Maples ya wamisionari wa UMCA, iliyoshushwa majini 1901. Kuiondoa meli ya mvuke bandarini kulihitaji kuchochea kuni muda mrefu mpaka boila ipate nguvu. Agosti 13, 1914, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilishambuliwa na Gwendolen ya Waingereza hapo Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, haikuweza hata kujaribu kukimbia.

Injini ya petroli ya kupachika ilianza kupata soko kubwa duniani baada ya Ole Evinrude kuiuza Marekani kuanzia 1909, na Yamaha ya Japani ikatoa ya kwanza yake 1960. Nyingi kati ya zinazopendwa na wavuvi wa maziwa ya Afrika Mashariki ni za mizunguko miwili, hasa za nguvu za farasi 15 na 40, kwa kuwa hazina mambo mengi na fundi wa kijijini anaweza kuzifungua. Hazina tangi la oili chini kama injini ya gari: oili huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu 1 kwa 50, yaani nusu lita kwa lita 25. Injini mpya hupewa mara mbili ya hiyo katika saa zake za mwanzo.

Injini hiyo ikigoma, spana ndiyo ya mwisho kushikwa. Kwanza hutazamwa klipu ya kamba ya usalama, ile ambayo nahodha huifunga mwilini: ikichomoka, moto wa plagi hukatika hata kamba ya kuwashia ivutwe mpaka mikono iishe nguvu. Gia iwe fri. Tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi liwe wazi, kwani likifungwa petroli haitoki. Injini huwaka, hutembea kidogo, kisha huzima, na hapo wengi humlaumu fundi bure. Mwisho hubonyezwa mpira wa kupampu ulio kwenye paipu ya mafuta. Ukikaza, mafuta yamefika. Ukibaki laini, paipu inavuta hewa au tangi ni tupu.

Mafuta yenyewe yanastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote upande huu wa ziwa. Petroli inayofika vijijini mara nyingi husafiri kwa dumu, ikiteremka kutoka nyanda za baridi za Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hadi ufuko wa joto ulio chini ya mita 500. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imefupisha safari, lakini dumu ni lile lile. Likiwa nusu, hewa iliyomo hupoa usiku na kuacha matone ya maji ndani, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutulia chini, pale pale mdomo wa paipu unapochotea. Dawa ni kumimina kiasi kwenye chupa nyeupe na kusubiri: maji yakiwepo yatajitenga chini. Kabureta nayo ina parafujo ya kumwagia mafuta yaliyobaki, na tone moja la maji humo linatosha kuizuia injini isiwake.

Kuna pia uchakachuaji. Petroli kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa tatizo kubwa Tanzania hata 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya wachakachuaji. Mafuta ya aina hiyo hayawaki kirahisi injini ikiwa baridi. Tone la petroli safi kwenye karatasi hukauka bila kuacha doa; lakini kipimo hiki hufanywa kabla ya kutia oili, kwa sababu oili nayo huacha doa.

Mafuta yakiwa salama, plagi hufunguliwa. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikilowa, injini imekunywa mafuta kupita kiasi: choki hurudishwa, plagi hukaushwa, kamba huvutwa mara chache plagi ikiwa nje. Ili kupima moto, plagi hurudishwa kwenye waya wake, ikagusishwa chuma cha injini, kamba ikavutwa. Cheche ya buluu ni dalili njema. Kazi hii isifanywe kamwe karibu na petroli iliyomwagika au dumu lililo wazi. Ndani ya mtumbwi wa mbao hakuna pa kukimbilia. Pengo la plagi nalo lina kipimo: namba 10 mwishoni mwa jina NGK B7HS-10 huonyesha milimita 1.

Kamba inayovutika kwa wepesi usio wa kawaida huashiria mgandamizo umepotea, pengine ringi zimekwisha. Isiyovutika kabisa huashiria injini imenoki, kwa kukosa oili au kwa joto. Joto hilo mara nyingi huanzia kwenye impela ya pampu ya maji, ambayo husagwa na mchanga boti inapowashwa karibu mno na ufuko. Maji yakiacha kutoka kwenye tundu la ukaguzi, injini izimwe hapo hapo.

Injini iliyozama mawimbi yanapopindua boti inaweza kuokolewa: ioshwe, plagi zitolewe, maji yakamuliwe kwa kuvuta kamba, silinda zitiwe oili, kisha iwashwe ndani ya saa chache. Ikilazwa hadi kesho, kutu huingia kwenye beringi.

Yote yakishindikana majini, kabla ya kuendelea kufungua chochote, maboya huvaliwa, kisha ndoo hufungwa kwenye kamba ya omo na kutupwa majini, ili ivute na kuiweka boti ikitazama mawimbi badala ya kuyapokea ubavuni.