Mchakamchaka ukiisha, pumzi inakwenda wapi?

Wadau, shuleni tulilazimishwa mchakamchaka kila asubuhi. Ukimaliza fomu foo hakuna anayekuamsha tena, ni kukaa kijiweni, kifodi hadi mlangoni, bodaboda hata kwa safari ya dakika tano. Swali ni je, ile pumzi ya ujanani inakusaidia ukizeeka?

Hili limechunguzwa hadi huku kwetu. Miaka ya 1960 daktari Mmarekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alipima Wamasai. Watu wanaishi kwa maziwa na nyama, halafu ugonjwa wa moyo hauonekani! Mwaka 1972 akatoa matokeo ya mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Kumbe mafuta yalikuwemo kwenye mishipa, tena kuta zilikuwa nene kama za wazee wa Marekani. Tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu inapita. Mann akahisi sababu ni ufiti wao. Alikuwa anakisia, tusimfanye nabii, lakini morani hajui jimu, yeye anatembea na ng'ombe kutwa nzima.

Wamarekani wakaja na kipimo kikubwa zaidi. Kuanzia 1985 vijana karibu 4,900 wa miaka 18 hadi 30 walipandishwa kwenye mashine ya kukimbilia mpaka wachoke, wakafuatiliwa miaka kama 27. Kila dakika ya ziada aliyodumu mtu iliendana na hatari ya kufa kupungua kwa asilimia 15. Ila wengine walipimwa tena baada ya miaka 7, na hapa ndipo pa kuangalia: kila dakika iliyopotea iliendana na hatari kupanda kwa asilimia 21. Kwa hiyo pumzi siyo akiba ya benki jamani, haikai tu inakungoja.

Lakini msikimbilie kuamini kila kitu. Mwaka 2025 watafiti wa Sweden waliangalia zaidi ya wanaume milioni moja waliopimwa ujanani walipoitwa jeshini. Waliokuwa fiti walikufa kidogo kwa maradhi ya moyo, sawa. Ila walikufa kidogo kwa ajali pia, karibu kwa kiwango kilekile! Sasa pumzi inamzuiaje mtu asigongwe na gari? Maana yake sehemu ya faida inatokana na mambo mengine, mfano malezi na hali ya nyumbani. Faida ipo, ila magazeti huwa yanaikuza.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kupanda Ilboru kwa mguu kutoka mjini kunahesabika, bure kabisa. Kipimo chake ni rahisi: ukiwa mlimani unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo upo kwenye wastani.