Ardhi ya Wote, Nyumba ya Kila Mtu: Historia ya Tanzania-Bondeni

Ndugu zetu wa nyumbani, mlio Mombasa, Nairobi na kwingineko, mchango wa mwaka huu tumeuelekeza kwenye makazi. Kwa hivyo tumeona vyema tuwakumbushe habari za mtaa wa Tanzania-Bondeni hapa Voi, ambako wakazi walianzisha wakfu wa kwanza wa ardhi ya jamii nchini Kenya.

Voi ni mji wa reli. Ujenzi wa reli ulianzia Mombasa mwaka 1896, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza njia nyingine ilichepuka kutoka hapa kuelekea Maktau na Taveta. Wazee wetu walikuja kufanya kazi kwenye reli na mashamba ya mkonge, wengine wakashuka kutoka milima ya Dawida kutafuta riziki. Lakini ardhi ya kujenga ilikuwa haba. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na leo hifadhi hiyo inachukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu. Ongeza mashamba makubwa ya mkonge na ya mifugo, uone mtu wa mshahara mdogo amebakiwa na nini.

Ndivyo ilivyozaliwa Tanzania-Bondeni. Watu walijenga nyumba za udongo na mabati kwenye ardhi ambayo haikuwa yao kisheria, nyingine ikiwa ya Shirika la Reli. Walilea watoto hapo, lakini hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumlinda siku tingatinga likija. Mtu asiye na uhakika wa kulala hapo mwaka ujao hajengi kwa mawe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa kuendeleza miji midogo, ulioendeshwa na serikali ya Kenya pamoja na shirika la misaada la Ujerumani, GTZ, ulifika mtaani. Wakazi waliitwa mikutanoni wakaelezwa njia tatu: kila mtu apewe hatimiliki yake, waunde chama cha ushirika, au ardhi iwe ya wakfu wa jamii. Wengi wangetarajia wachague hatimiliki. Wao walichagua wakfu.

Sababu yao ilikuwa wazi. Wakenya wamekwisha kuona yanayotokea maskini wanapogawiwa ploti. Mwenye pesa huja na bei ambayo mwenye njaa hawezi kuikataa, ploti huuzwa, na aliyeuza huenda kuanza kibanda kingine kwingine. Miaka michache baadaye mtaa unapendeza, lakini waliokusudiwa hawamo.

Wazo la wakfu wa aina hii lilitoka mbali. Mwaka 1969, katika jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, wakulima weusi waliokuwa wakifukuzwa mashambani kwa kudai haki ya kupiga kura waliunda shirika la kumiliki ardhi kwa pamoja. Hata hivyo, kwa mtu wa pwani wazo hili si geni. Ardhi iliyowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haiuzwi, na shamba la ukoo huko milimani halikuwa la mtu mmoja kulipeleka sokoni.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Ardhi inashikwa na wadhamini kwa niaba ya wakazi wote, na wakazi wanakuwa wanachama wa chama chao kilichoandikishwa. Mwanachama anapewa haki ya kukaa kwenye kipande chake na kuwarithisha wanawe. Nyumba ni mali yake. Akihama, anaweza kuuza alichojenga, na chama kina nafasi ya kwanza ya kununua, lakini udongo ulio chini hauuzwi. Mwenye ploti anatakiwa aishi mtaani, asiwe tajiri wa mbali anayekusanya kodi.

Kazi haikuwa rahisi. Sheria za Kenya hazikuwa na kifungu cha wakfu kama huu, ikabidi sheria ya vyama na sheria ya wadhamini ziunganishwe. Makaratasi yalichukua miaka, na kadiri yalivyokawia, baadhi ya wakazi walianza kutamani hatimiliki ya mtu binafsi, hasa kwa kuwa benki huitaka kabla ya kutoa mkopo. Hilo nalo ni funzo: umoja wa watu huchoka mapema ikiwa karatasi hazifuati.

Mji wetu sasa unapanuka. Kituo cha reli ya kisasa kilifunguliwa mwaka 2017, wageni wanatafuta ploti, na bei zinapanda. Kijana aliyezaliwa Voi akikosa pa kuishi Voi, hata barabara nzuri na taa za mtaani zitakuwa za wengine.

Ndiyo maana tunawaomba mchangie mfuko wa makazi. Pesa zitasaidia familia za nyumbani kulipia upimaji, ada za hati na vifaa vya kuezekea, maana hapo ndipo wengi hukwama. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeweza kutoa shilingi mia atoe mia, na aliyejaliwa zaidi atoe zaidi, ili watu wa Voi wasiwe wapangaji katika mji wao wenyewe.