Pembe Zilizokatwa za Barcelona

Atazamaye lori refu likikata kona ataona kwamba magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, bali huingia ndani zaidi, karibu na pembe ya nyumba. Kadiri gari lizidivyo urefu, ndivyo lihitajivyo nafasi kubwa ya kupindia. Wajenzi wengi wa miji hawakulifikiri jambo hili mpaka kuta zilipoanza kukwaruzwa. Mmoja alilifikiri kabla motokaa haijakuwako.

Barcelona, katika Uhispania, ulikuwa mji uliofungwa ndani ya kuta, wenye njia nyembamba na maradhi mengi. Kuta hizo zilianza kubomolewa mwaka 1854, na swali likawa uwanda ulio nje utajengwaje. Wakuu wa mji walipendelea ramani ya Antoni Rovira i Trias, aliyeshinda katika mashindano yao. Lakini serikali ya Madrid ilikwisha kuikubali, mwaka 1859, ramani ya Ildefons Cerdà, injinia. Ugomvi huo haukusahauliwa upesi.

Cerdà alikuwa amelistaajabia gari la moshi, akaamini kwamba siku moja mashine za mvuke zitapita hata katika barabara za mji, mbele ya milango ya watu. Basi aliugawa uwanda kwa miraba, kila upande yapata mita 113, na barabara nyingi akazipa upana wa mita 20. Kisha kila pembe akaikata mshazari, hata mraba ukawa na pande nane, na kila njia panda ikawa kama kiwanja. Hapo chombo kirefu hupinda bila kugusa ukuta, na dereva humwona mapema ajaye kutoka upande wa pili.

Alitaka pia kila mraba ujengwe pande mbili tu, katikati pawe na bustani. Wenye viwanja hawakukubali hasara hiyo. Walijenga pande zote nne, na bustani nyingi zikamezwa na karakana na maghala. Pembe, hata hivyo, zilibaki. Nadhani ni kwa sababu ziliwafaa wafanya biashara: duka lilipata uso mpana, na gari la mizigo mahali pa kusimama.

Cerdà alifariki mwaka 1876, miaka kumi kabla Karl Benz hajapewa hati ya motokaa yake. Mashine alizozitazamia hazikuja. Yalikuja magari ya petroli, nayo yalizikuta pembe zikiyangoja. Aliyepunjwa ni mwenda kwa miguu, ambaye katika kila njia panda hulazimika kuiacha njia yake iliyonyoka, azunguke ndipo avuke.

Tangu mwaka 1016 + 1000, yaani 2016, wakuu wa Barcelona wamezifunga baadhi ya njia panda, kwanza katika mtaa wa Poblenou, magari yasipite moja kwa moja. Miti na michezo ya watoto imewekwa palipoachwa kwa ajili ya magurudumu. Lakini gari la zimamoto na la taka bado ni marefu, na nafasi ya kupindia yameachiwa.