Karama: Zawadi ya Nani, kwa Ajili ya Nani?

Semina za "kugundua karama yako" zimekuwa jambo la kawaida katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki. Vijana hufika na daftari zao, na swali wanalokuja nalo ni moja: mimi nimepewa nini? Ni swali zito, na anayeliuliza kwa dhati anastahili jibu la dhati. Ila neno lenyewe, karama, linaanzia kwingine. Linaanza na mtoaji, kisha linamtazama atakayefaidika. Mpokeaji ni njia ya kupitia.

Katika Agano Jipya la Kiyunani neno kharisma limetokea mara 17: mara 16 katika nyaraka zenye jina la Paulo, na mara moja katika waraka wa kwanza wa Petro. Limetokana na kharis, yaani neema, hivyo maana yake ya msingi ni kitu kilichotolewa bure bila mpokeaji kukistahili. Upana wake huwashangaza wengi. Katika Warumi 6, kharisma ni uzima wa milele wenyewe. Katika 1 Wakorintho 7, Paulo anaitumia kwa hali ya kuoa na ya kutooa, kwamba kila mtu ana yake. Anayedhani karama ni kunena kwa lugha na kuponya tu, amesoma sura moja akaziacha nyingine.

Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, ililitafsiri neno hilo kwa karama, na wafasiri wake wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa. Karama ni neno la asili ya Kiarabu, la ukoo mmoja na karimu, ukarimu, karamu na hata takrima. Waislamu wa pwani walikuwa wakizungumzia karama za mawalii, yaani mambo ya ajabu ambayo Mungu huyadhihirisha kupitia waja wake wema. Neno lilipoingia kanisani lilikuwa tayari limebeba mambo mawili: wema wa Mungu usiolipiwa, na wema huo kuonekana kwa watu. Na kama ilivyo kwa ndugu yake karamu, mwenye nayo hapiki ale peke yake.

Hata hivyo karama haiko peke yake uwanjani. Biblia ya Habari Njema, iliyokusudia Kiswahili chepesi, inasema vipaji pale Union inaposema karama. Union nayo, ikifika Waefeso 4, inaandika vipawa, na ina sababu: hapo Kiyunani kinatumia neno jingine, doma, zawadi ya kawaida. Wakatoliki wana neno la nne, mapaji. Mtoto anayejiandaa kwa Kipaimara hukariri mapaji saba ya Roho Mtakatifu yanayotokana na Isaya 11: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Haya si karama za Wakorintho. Mafundisho ya Kikatoliki yanayatofautisha waziwazi: mapaji humtakatifuza aliyeyapokea, karama hutolewa kwa faida ya wengine. Kiswahili kimebahatika kuwa na neno kwa kila upande, na ni hasara kuyachanganya.

Mchanganyiko mkubwa zaidi ni wa karama na kipaji cha mtaani. Mtu mwenye sauti nzuri ana kipaji cha kuimba, awe muumini au asiwe. Anaweza kuimba kwaya miaka kumi, sauti ikazidi kunoga, na waliomsikiliza wasijengeke kwa lolote. Mwenzake mwenye sauti ya wastani akianzisha wimbo msibani, wafiwa wakapata nguvu ya kusimama. Wa pili ndiye aliyeibeba karama, hata kama hakuna atakayemwalika studio. Hii haina maana kwamba vipaji vya kuzaliwa navyo ni vya kudharau. Mara nyingi karama hupanda juu ya kipaji kilichokuwepo tangu utotoni. Lakini kinachoitambulisha ni matunda yake kwa wengine.

Nje ya kanisa neno la Kiyunani limepata maisha mengine. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, alilichukua kutoka katika maandishi ya historia ya kanisa akaeleza kwalo mamlaka ya kiongozi ambaye watu humfuata kwa mvuto wa nafsi yake. Kwa maana hiyo Kiswahili kina neno zuri, haiba. Mwanasiasa ana haiba. Mhubiri naye anaweza kuwa na haiba tele, na hilo peke yake halisemi chochote kuhusu karama yake. Waumini wangeepushwa na maumivu mengi kama tofauti hii ingefundishwa mapema.

Paulo mwenyewe aliandika kwa watu waliokuwa wakigombana. Korintho ulikuwa mji wa bandari mbili, wenye mchanganyiko wa watu, na kanisa lake lilishindana nani ana karama ya kutisha zaidi. Katika orodha ya 1 Wakorintho 12:28, kati ya kuponya na kunena kwa lugha, ameweka mambo mawili ambayo Union inayaita masaidiano na maongozi. Neno la Kiyunani lililo nyuma ya maongozi linatokana na kazi ya kushika usukani wa chombo baharini. Mweka hazina anayetunza daftari la parokia bila shilingi kupotea, na mama anayejua ni mgonjwa yupi hajatembelewa wiki hii, wamo ndani ya orodha ileile ya wenye kuponya. Ni nadra kuona bango la mkutano linalotangaza karama ya masaidiano.

Karama itagunduliwaje, basi? Mwaka 1979 Mmarekani C. Peter Wagner alichapisha kitabu kilichoorodhesha karama 27, na madodoso ya aina yake yakaenea duniani: mtu anajaza anachopenda, anajumlisha alama, anasoma jibu. Dodoso linaweza kumfungua macho mtu mwenye haya. Udhaifu wake ni kwamba linamhoji mtu mmoja juu ya nafsi yake, hali Matendo 13 inaonyesha kanisa la Antiokia likifunga na kuomba pamoja kabla ya kuwatenga Barnaba na Sauli kwa kazi yao. Timotheo naye anakumbushwa karama iliyofungamana na mikono ya wazee. Waliohudumiwa wana ushahidi ambao mhudumu hana.

Maisha ya Apolo Kivebulaya yanaonyesha hivyo. Alikuwa Mganda, na jina Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, alipewa kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kuvaa. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akafika Mboga, katika Kongo ya leo, akiwa mwalimu wa dini asiye na daraja lolote. Chifu Tabaro alimpinga, naye akapigwa na kufungwa. Baadaye Tabaro huyohuyo akabatizwa. Ushemasi ulikuja mwaka 1900, ukasisi mwaka 1903. Kazi ilitangulia, cheo kikafuata. Aliendelea hadi kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, akafia Mboga mwaka 1933.

Kwake karama na wito vilikutana, ingawa ni istilahi mbili. Karama ni uwezo uliotolewa; wito ni mahali na watu unakopelekwa. Luther aliupanua wito ukafika kwa fundi na mkulima, na Watanzania wanaosema "ualimu ni wito" wanarithi sehemu ya wazo hilo. Msemo huo umetumika pia kumnyamazisha mwalimu anayedai haki yake, na hapo istilahi imepotoshwa, kwa maana Paulo yuleyule aliandika katika 1 Wakorintho 9 kwamba anayeihubiri Injili ana haki ya kupata riziki kwayo.