Kutoka Kabatini hadi Kikanisani: Safari ya Mkusanyaji wa Visanamu vya Precious Moments kwenda Carthage, Missouri, 1975–2024

Ikisiri

Makala hii inachunguza safari ambazo wakusanyaji wa visanamu vya Precious Moments wamekuwa wakizifanya tangu mwaka 1989 kwenda kwenye kikanisa kilichoasisiwa na kuchorwa na msanii Samuel J. Butcher mjini Carthage, Missouri, nchini Marekani. Kwa kutumia dhana tatu za Kiswahili, yaani matembezi, hija na ziara, makala inadai kwamba safari hiyo haielezeki kikamilifu kama utalii wala kama tawi la biashara. Mkusanyaji huondoka nyumbani akiwa mmiliki wa bidhaa yenye bei. Kikanisani hukutana na kumbukumbu za wafu, na thamani ya bidhaa ile ikaanza kupimwa kwa kipimo kingine.

1.0 Utangulizi

Historia ya vitu vya kukusanywa imezoea kuandikwa kwa lugha ya soko. Huulizwa kitu kilitengenezwa lini, kiliuzwa kwa bei gani, na bei hiyo ilipanda au kushuka kwa sababu zipi. Maswali hayo ni ya msingi, lakini yanamwacha mkusanyaji mwenyewe nje ya mlango. Hayaelezi kwa nini mtu aliyejaza kabati lake visanamu afunge safari ndefu kwenda kuliona jengo ambalo hawezi kulinunua wala kuliongeza katika mkusanyo wake.

Kiswahili kinatoa msamiati unaofaa kulichambua suala hili. Matembezi ni safari ya kujiburudisha. Hija ni safari ya ibada kwenda mahali patakatifu. Ziara ni neno pana: hutumika kwa ziara ya kiongozi na ziara ya masomo, lakini katika matumizi ya Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki lina pia maana ya kwenda kaburini kumzuru aliyefariki na kumwombea. Maana hii ya mwisho ndiyo inayotumika hapa, kama dhana ya uchambuzi tu, kwa kuwa Wakristo wa Marekani wanaozungumziwa hawana desturi hiyo kwa jina hilo. Hoja kuu ni kwamba safari ya Carthage huanza kama matembezi, huchukua umbo la hija, na kuishia kama ziara.

2.0 Msanii na Kazi Yake

Samuel John Butcher alizaliwa mwaka 1939 katika jimbo la Michigan na kukulia California, alikosomea sanaa. Baadaye alihamia Grand Rapids, Michigan, akafanya kazi katika shirika la kueneza Injili kwa watoto. Mazingira hayo yalimfunza kueleza mafundisho ya dini kwa picha ambazo mtoto angezifahamu bila kusaidiwa. Akishirikiana na Bill Biel, alianzisha kampuni ya kadi za salamu iliyoitwa Jonathan & David, jina lililotokana na marafiki wawili wa Agano la Kale. Kadi zilizobeba jina la Precious Moments zilioneshwa kwa wauzaji wa vitabu vya Kikristo mwaka 1975. Zilikuwa na watoto wenye vichwa vikubwa, rangi pole, na macho yenye umbo la tone la chozi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Eugene Freedman, kiongozi wa kampuni ya Enesco ya Illinois, aliziona kadi hizo na kutambua kwamba zingeweza kugeuzwa kuwa visanamu. Kazi ya uchongaji alipewa Yasuhei Fujioka wa Japani. Kisanamu cha kwanza, Love One Another, kinaonesha mvulana na msichana wameketi juu ya kisiki, wamepeana mgongo. Toleo la mwanzo lilikuwa na visanamu 21 vya kauri isiyong'arishwa.

Mgawanyo huu wa kazi una uzito katika hoja ya makala. Butcher alichora, Fujioka alichonga, kalibu zikazalisha nakala, mafundi wa kiwandani wakazipaka rangi. Kwa hiyo kisanamu kilichomfikia mnunuzi kilikuwa na wazo la Butcher, lakini hakikuwa kimepitia mkononi mwake. Wakusanyaji waliobahatika kukutana naye waliomba saini. Wengine wote walimpenda msanii ambaye alama ya mkono wake hawakuwa wameiona.

3.0 Mkusanyaji na Soko

Mwaka 1981 ilianzishwa klabu ya wakusanyaji, na mwaka huohuo visanamu vikaanza kutiwa alama ya mwaka wa uzalishaji: pembetatu kwa mwaka 1981, saa ya mchanga kwa 1982, samaki kwa 1983 na msalaba kwa 1984. Mkusanyaji akajifunza kukigeuza kisanamu na kusoma kitako kabla ya kutazama uso. Visanamu viwili vilivyofanana kwa kila kitu viliweza kutofautiana bei kwa sababu ya alama ndogo iliyofichika chini.

Pamoja na alama hizo kulikuwa na utaratibu wa kustaafisha visanamu, yaani kusitisha moja kwa moja uzalishaji wa umbo fulani. Uhaba ulitengenezwa kwa tangazo. Mfano ulio wazi zaidi ni God Loveth a Cheerful Giver, kimojawapo cha vile 21 vya mwanzo, kilichostaafishwa mwaka 1981. Kinamwonesha msichana anayegawa bure watoto wa mbwa, na jina lake limetolewa katika 2 Wakorintho 9:7, aya inayosifu utoaji usio na kinyongo. Kisanamu hicho cha kusifu kutoa bure kikawa miongoni mwa vilivyotafutwa kwa bei kubwa kuliko vyote.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba wakusanyaji walisukumwa na faida pekee. Visanamu hivi vilitolewa zawadi katika ubatizo, arusi, siku za kuzaliwa na misiba. Kabati moja liliweza kuwa na kisanamu kilichonunuliwa kwa matumaini ya kupanda bei na kingine kilichopokewa kutoka kwa mama kabla hajafariki. Vitabu vya bei viliviorodhesha vyote kwa kipimo kimoja. Mwenye kabati alijua tofauti yake.

4.0 Safari ya Carthage

4.1 Matembezi na hija

Baada ya kuzuru Kikanisa cha Sistina mjini Roma, ambacho dari yake ilichorwa na Michelangelo kati ya mwaka 1508 na 1512, Butcher alikusudia kujenga kikanisa chake mwenyewe. Alikijenga nje kidogo ya Carthage, mji mdogo wa kusini magharibi mwa Missouri ulio kando ya barabara ya zamani ya Route 66, na kikafunguliwa mwaka 1989. Mahali hapo hapakuwa na historia ya muujiza wala masalia ya mtakatifu. Palipata umuhimu kwa sababu msanii alipachagua.

Mwanzoni mwa safari, dalili zote ni za matembezi. Mgeni hupita penye duka la visanamu na zawadi, na katika miaka ya kustawi kwake eneo hilo lilikuwa na burudani na malazi. Victor na Edith Turner (1978) walikwisha kuonesha kwamba hija na utalii havitenganishwi kwa urahisi, kwa kuwa msafiri huweza kuwa mtalii na hujaji kwa wakati mmoja. Kinachofanya safari iwe hija, kwa maoni yao, ni kutoka katika nafasi ya kila siku na kuingia katika udugu wa muda na wasafiri wengine. Mkusanyaji aliyezoea kueleza mapenzi yake kwa jamaa wasioyaelewa, hapa yuko miongoni mwa watu wasiohitaji kuelezwa.

Ndani ya kikanisa, kuta zimejaa michoro: upande mmoja masimulizi ya Agano la Kale, upande mwingine Agano Jipya, wahusika wote wakiwa watoto wenye macho ya umbo la chozi. Juu ni dari ya mawingu na malaika; madirishani kuna vioo vya rangi. Walter Benjamin (1936) alidai kwamba nakala za mitambo huipunguzia kazi ya sanaa haiba itokanayo na upekee wake. Katika mfano huu mpangilio umepinduka. Nakala zilitangulia kwa zaidi ya miaka kumi, zikaingia katika nyumba za watu, ndipo kazi isiyo na nakala ikafuata. Mkusanyaji hasafiri ili kuona asili ambayo kisanamu chake kilinakiliwa. Anasafiri kuuona mkono ambao kisanamu hakikuupitia.

4.2 Ziara

Mchoro mkuu wa kikanisa unaitwa Hallelujah Square. Unaonesha watoto wakipokewa mbinguni, na miongoni mwao wamo wanaowakilisha watu halisi waliofariki, ambao habari zao zilimfikia msanii. Kwa sababu hiyo ukuta huo hautazamwi kama kielelezo cha mafundisho tu. Kwa familia zilizofiwa, ni mahali pa kumtambua mtu wao.

Mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya ufunguzi, Philip, mwana wa Butcher, alifariki katika ajali ya gari. Chumba cha kikanisa kikawekwa wakfu kwa kumbukumbu yake. Msanii aliyekuwa amewachorea wazazi wengine watoto wao waliofariki akawa na wake wa kumchorea. Tukio hili lilibadili uhusiano wa mgeni na mwenyeji. Kabla ya hapo mkusanyaji angeweza kumwona Butcher kama mtoaji wa faraja. Baada ya hapo alimwona pia kama mfiwa mwenzake. Aliyekwenda Carthage na msiba wake mwenyewe aliukuta msiba wa mwenye nyumba. Hapa ndipo dhana ya ziara inapoeleza kile ambacho dhana ya hija haikielezi. Hujaji hutafuta utakatifu wa mahali; mwenye kuzuru humtafuta aliyeondoka.

5.0 Mjadala

Pingamizi la kwanza ni kwamba huzuni yenyewe iligeuzwa bidhaa. Njia ya kwenda Hallelujah Square inapita dukani, na machozi yamo katika nembo. Pingamizi hili lina ukweli na halipaswi kufichwa. Lakini Colleen McDannell (1995) ameonesha kwamba Wakristo wa Marekani wamekuwa wakiitenda imani yao kwa kutumia vitu vya kununuliwa, na kwamba mpaka kati ya kitakatifu na cha kawaida huwekwa na wachambuzi zaidi kuliko waumini. Kununuliwa kwa sanda hakuufanyi msiba kuwa biashara.

Pingamizi la pili linahusu ladha: kwamba watoto hawa wapole hukwepa ukweli wa kifo. Jengo lenyewe linatoa jibu. Mtu anayekwepa kifo hakipi ukuta mkuu wa kazi yake.

Mtihani wa kweli ulitoka sokoni. Minada ya mtandaoni, iliyoshika kasi baada ya kuanzishwa kwa eBay mwaka 1995, ilionesha kuwa visanamu vilivyodhaniwa adimu katika mji mmoja vilijaa katika makabati ya nchi nzima. Enesco iliachana na leseni ya Precious Moments mwaka 2005, na mwanzoni mwa mwaka 2007 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Bei za visanamu vingi zilianguka. Laiti safari ya Carthage ingekuwa tawi la soko pekee, ingekoma pamoja nalo. Eneo lilipungua kweli, na sehemu ya burudani zake zikafungwa; kikanisa kilibaki wazi kwa wageni.

6.0 Hitimisho

Butcher alifariki mwezi Mei 2024 akiwa na umri wa miaka 85. Tangu hapo kila safari ya kwenda Carthage ni kumzuru naye pia. Makala imeonesha kwamba mkusanyaji alikuwa na hesabu mbili za thamani: moja iliyosomwa kwenye kitako cha kisanamu, na nyingine iliyotokana na jina la aliyekitoa au aliyekumbukwa kwacho. Soko liliifuta ya kwanza bila kuigusa ya pili. Mtafiti wa historia ya vitu anayetegemea vitabu vya bei peke yake ataandika habari za watu waliopata hasara. Akizifuata pia safari zao, atawakuta wafiwa waliokuwa wakitafuta mahali pa kuwaweka watu wao, na ambao kabati la nyumbani halikuwatosha.