Mjane wa Reims

Alipofiwa na mumewe mwaka 1805, naye hajatimiza miaka 28, Barbe-Nicole Clicquot wa Reims, Ufaransa, alishika mwenyewe hatamu za biashara ya mvinyo wa Champagne, ambao zama hizo, pamoja na sifa zake zote, uliweza kuingia bilaurini na mashapo ya hamira. Ndipo, yapata mwaka 1816, ikatobolewa meza, chupa zikapachikwa humo shingo chini na kuzungushwa kidogo kidogo kila siku, hata taka zote zikatua kizibo­ni. Chupa ikizibuliwa, mashapo hufyatuka pamoja na povu. Wateja wake wa Urusi waliutaka mtamu mno, wa kushushia halua kwa kweli; ule mkavu, uafikianao na chaza, walikuja kuushikilia Waingereza baadaye.