Athari ya Pembeni ya Dawa: Istilahi na Matumizi Yake

Athari ya pembeni ni jambo ambalo dawa hulisababisha mwilini, ikitumiwa kwa kipimo cha kawaida, mbali na lile ambalo tabibu alilikusudia. Dhana hii ni nguzo ya famakolojia ya uuguzi, yaani elimu ya namna dawa zinavyofanya kazi mwilini na namna muuguzi anavyopaswa kumwangalia mgonjwa anayezitumia. Hata hivyo, Kiswahili huieleza kwa maneno matatu, athari, madhara na maudhi, ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Katika eneo la Kikima na vilima vya Mbooni nchini Kenya, ambako mgonjwa huzungumza Kikamba nyumbani, hukuta Kiingereza kwenye pakiti ya dawa na huweza kuelezwa kwa Kiswahili kwenye dirisha la dawa, mchanganyiko huo unaweza kumfanya aache dawa anayopaswa kuimaliza, au aendelee kumeza ile anayopaswa kuiacha.

Neno athari, kwa asili yake ya Kiarabu, ni alama inayoachwa na kitu, na kwa hiyo halihukumu kama jambo ni jema au baya. Lakini kwa kuwa magazeti na redio hulitumia zaidi katika kauli kama athari za ukame, limeegemea upande wa ubaya. Madhara ni jambo linalodhuru hasa, na ndilo linaloafiki maelezo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1972, kwamba ni mwitikio wenye kudhuru na usiokusudiwa, unaotokea kwa vipimo vya kawaida. Sumu ya dawa iliyomezwa kupita kiasi haimo katika maelezo hayo. Maudhi, neno linalosikika sana Tanzania katika ushauri wa uzazi wa mpango kwa kauli ya maudhi madogo madogo, ni usumbufu unaovumilika, kama kichefuchefu cha siku za mwanzo.

Tofauti hizo huonekana wazi katika tiba ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Hiyo ni athari isiyodhuru, ila mgonjwa asiyeelezwa mapema hudhani anakojoa damu na huweza kuacha dawa. Isoniazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi na hisia ya kuchomwachomwa miguuni na mikononi. Hayo ni madhara, lakini huzuilika kwa piridoksini, ambayo ni vitamini hiyohiyo katika umbo la kidonge. Macho yakigeuka manjano, huenda ini limeanza kuumia, na mgonjwa anapaswa kusimamisha dawa na kufika hospitalini mara moja.

Mfano mwingine ni enalaprili, dawa ya shinikizo la damu, ambayo huzuia kimeng'enya ambacho pia huvunja kemikali iitwayo bradikinini. Kemikali hiyo ikizidi, baadhi ya wagonjwa hupata kikohozi kikavu kisichokoma. Katika baridi ya vilima vya Mbooni ni rahisi kikohozi hicho kudhaniwa ni homa ya mafua, kikatibiwa kwa dawa nyingine bure, ilhali suluhisho ni tabibu kubadilisha dawa yenyewe. Midomo au uso ukivimba ghafla, hata hivyo, hilo si maudhi tena, ni dharura.

Kenya ilijiunga mwaka 2010 na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa, na Bodi ya Dawa na Sumu huwapa wahudumu wa afya fomu ya manjano ya kuripoti madhara yanayoshukiwa. Fomu hiyo haiwezi kujazwa ikiwa mgonjwa anajua kusema tu kwamba dawa ni kali. Inafaa basi muuguzi, kila anapokabidhi dawa, amtajie mgonjwa mambo matatu kwa majina yake: maudhi atakayoyavumilia, athari isiyopaswa kumtisha, na madhara yanayomlazimu kurudi kituoni bila kungoja tarehe ya kliniki. Istilahi zikipangwa hivyo, mgonjwa hupata uwezo wa kuamua kwa usalama akiwa nyumbani, na muuguzi hupata taarifa ambayo bila yeye hakuna mwingine angeipata.